UZI: Vyama vya ibada vya Wagiriki wa kale na mabosi waliovibeba, nani alikuwa anamtumia nani?

Mawe Yasemayo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Leo naleta Ugiriki ya kale ila sio Zeus na radi zake, hizo stori mnazijua. Nataka tuongelee vile vyama vidogo vya ibada vya watu wa bandarini na wafanyabiashara, vyenye kuhani wake, mhazini wake, katibu wake, na juu yao yule mwenye hela anayebeba chama pale mfuko unapokauka. Mahekalu makubwa yalikuwa na hazina ya mji nyuma yake, hawa walikuwa na michango yao basi, ikiisha imeisha.

Twende Piraeus, bandari ya Athens, karne ya 3 na ya 2 KK. Pale palikuwa na chama cha watu walioabudu Mama wa Miungu, ambaye asili yake ni Frigia huko Asia Ndogo. Wanachama waliitwa orgeones. Hawa jamaa wametuachia maazimio yao yamechongwa kwenye mawe na ukiyasoma ni kama umekaa kikaoni kabisa, nani kapendekeza, nani kahudumu vizuri, nani apewe shada la majani kichwani.

Mwaka 178/7 KK (unaandikwa hivyo kwa sababu mwaka wao ulianza katikati ya wetu) wakampa heshima mhazini wao, Hermaios mwana wa Hermogenes wa kitongoji cha Paionidai. Kafanya nini? Kakaa kwenye uhazini miaka mingi, sadaka ikikaribia na kasha halina kitu anatoa hela yake mwenyewe kwanza, sehemu za hekalu zimechoka anakarabati, halafu hiki ndo kilinigusa: kuna wanachama walikufa wakati chama hakina hata senti, Hermaios akagharamia maziko yao ili hata wakiwa wafu wasikose staha. Wakamvika shada, wakaamua litangazwe mbele za watu siku za sadaka, na picha yake ikawekwa hekaluni.

Sasa angalia azimio linavyojieleza. Wanasema wamefanya hivyo ili na wengine wapate hamu ya kukitumikia chama wakijua watapata shukrani inayolingana na walichotoa. Maneno ya namna hii yako kwenye mawe mengi mno ya Kigiriki mpaka wasomaji wengi wanayaruka kama salamu za kwenye barua. Mimi nasema hapo ndo pa kusimama. Hermaios ameshatoa, hela imeshaliwa, wafu wameshazikwa. Jiwe linaongea na mtu mwingine kabisa, anayepita pale mwaka unaofuata ana biashara nzuri na bado hajatoa kitu. Anasoma jina la Hermaios, anajiuliza na langu je.

Kwahiyo hoja yangu ni kwamba hawa wanachama hawakuwa ombaomba wa mtu tajiri, walikuwa na bidhaa yao na waliijua bei yake. Bidhaa yenyewe ni heshima, tena heshima ya hadharani, na wao ndo wenye duka. Nakaribisha mawe, ya kuchonga na ya kurusha.

Kibarua Msomi

Mkuu umeanza vizuri ila naona umewapamba sana. Mtu kakuzikia ndugu zako na wewe unampa shada la majani, hapo nani kamuuzia mwenzake? Mi naona Hermaios ndo kanunua chama kizima kwa bei ya jumla. Baada ya hapo nani anamkatalia jambo kwenye kikao?

wa_Nyali

Eeh hii hata sisi tunaijua, ni harambee tu. Mheshimiwa anaitwa, anatangaza elfu mia mbili kwa spika, watu wanapiga makofi, jina linaandikwa kwenye bango la shule. Miaka zaidi ya elfu mbili na binadamu ni yule yule 😂

Mawe Yasemayo

@wa_Nyali inakaribia lakini kuna tofauti moja kubwa. Mheshimiwa akishatangaza anaingia garini anaondoka. Hermaios yuko pale pale, ndiye anashika daftari, ndiye anajua nani hajalipa. Wengi wa hawa wafadhili walikuwa viongozi wa chama chenyewe, na cheo kilikuja na mzigo wake. Ukikubali uhazini au ukuhani watu wanategemea utoboe mfuko.

@Kibarua Msomi subiri, nakuletea mfano unaokupendeza.

Kisiwa cha Delos. Baada ya mwaka 167/6 KK Warumi walikikabidhi kwa Athens na kukifanya bandari isiyo na ushuru, wakamiminika watu wa kila namna. Mmojawapo wa vyama vilivyokuwepo ni cha wafanyabiashara, wenye meli na wenye maghala kutoka Berytos, yani Beirut ya leo, chini ya mungu wao waliyemwita Poseidon kwa Kigiriki. Wakaanza kujenga jengo la chama, kubwa, lina ua wa nguzo na vyumba vya ibada, na kama kawaida ya ujenzi hela ikaishia njiani. Wakamkopa Mrumi mmoja mwenye fedha anaitwa Marcus Minatius mwana wa Sextus.

Huyu bwana akasamehe riba, halafu juu yake akatoa drakma 7,000 jengo liishe. Chama kikamjibu kwa azimio refu balaa. Sanamu yake ndani ya ua, mahali atakapochagua mwenyewe. Taji. Siku yenye jina lake. Kwenye maandamano ng'ombe dume anaongozwa kwa niaba yake. Na akija kwenye karamu ana ruhusa ya kuja na wageni wake, idadi imeandikwa kabisa kwenye jiwe ili asijaze ukumbi.

Hako kakifungu ka wageni mi huwa kananichekesha. Wanamshukuru mtu aliyewamalizia nyumba, na hapo hapo wanamhesabia viti.

Hakimu Mstaafu

Vijana hongereni kwa mada. Swali la kiufundi: amesamehe riba, deni lenyewe je? Nimekaa kwenye kesi za mikopo muda mrefu, mtu akisema amesamehe riba huwa nasikiliza kwa makini anachokaa kimya.

Mawe Yasemayo

Mzee shikamoo. Ndo maana nimeandika riba na sikuandika deni. Kilichosifiwa ni riba na zile 7,000.

Kobe Mwendo

Drakma 7,000 ni shingapi jamani, wengine humu tunahesabu kwa mshahara

Mawe Yasemayo

Mahesabu ya ujenzi wa hekalu la Eleusis, mji ulio karibu na Athens, ya mwaka 329/8 KK yanaonyesha kibarua asiye na ufundi alilipwa drakma 1 na nusu kwa siku, fundi 2 mpaka 2 na nusu. Ni zamani kuliko Minatius kwa zaidi ya miaka 150 na bei zilibadilika, kwahiyo ichukue kama makadirio tu. Kwa kiwango hicho ni kibarua afanye kazi kila siku, bila jumapili bila kuumwa, zaidi ya miaka 12.

Kobe Mwendo

Aisee. Basi wangemuongezea viti.

mamaTausi

Naomba kuuliza, mbona ni wanaume tu mpaka hapa? Na mnasema chama cha mungu wa kike.

Mawe Yasemayo

Dada karibu, na hapo umefungua mlango mzuri.

Pale pale Piraeus kwa Mama wa Miungu ukuhani ulikuwa wa wanawake, waliteuliwa kwa kura ya bahati kila mwaka. Na kura haiangalii mfuko. Kuna azimio la karne ya 3 KK linamsifu kuhani Zeuxion pamoja na mumewe Agathon kwa kuhudumu vizuri na kutumia hela zao. Mke ana cheo, pochi ni ya nyumba nzima. Sasa fikiria imekuangukia wewe ambaye mumeo hana kitu, na mwaka jana alikuwepo mke wa tajiri akaweka mapambo ya ajabu. Utafanyaje?

Mwaka 183/2 KK wakakaa wakaandika utaratibu. Kuhani aandae viti viwili vya enzi vizuri kadiri inavyowezekana, wanawake wanaobeba bakuli na wale wanaozunguka na mungu kukusanya michango wapewe mapambo ya fedha, basi, inajulikana kilichotakiwa. Pia wakaweka sheria kuhusu mtumishi wa hekalu, anayeteuliwa kutoka kwa wanawake waliowahi kuwa makuhani: mtu mmoja asishike mara mbili mpaka wenzake wote wamepita. Safi kabisa, zamu kwa zamu.

Haikupita hata miaka kumi, mwaka 175/4 KK, jiwe lile lile linabeba azimio lingine: Metrodora awe mtumishi wa hekalu maisha yake yote. Makuhani wenyewe waliomba hivyo maana alifanya kazi vizuri. Hawakuikwangua ile sheria ya zamu, iko hapo juu, na chini yake ndo wameivunja. Nani amewahi kuwa kwenye kamati yoyote asielewe hii?

mamaTausi

Hahaha Metrodora alikuwa anajua funguo zote ziko wapi, huyo hatolewi.

Ila mwanamke mwenye hela zake mwenyewe hakuwepo?

Mawe Yasemayo

Alikuwepo, na huyu kwa maoni yangu ni mkali kuliko Minatius. Epikteta wa kisiwa cha Thera, ndo Santorini ya leo. Wosia wake umechongwa kwenye jiwe, ni wa mwishoni mwa karne ya 3 au mwanzoni mwa karne ya 2 KK, na jiwe lenyewe liko Verona huko Italia.

Alikuwa na watoto wawili wa kiume, Kratesilochos na Andragoras. Kratesilochos akafa. Baba yao Phoenix akaanza kujenga jengo la Muza, wale miungu wa kike wa nyimbo na maarifa, liwe ukumbusho wa mtoto, na yeye akafa kabla halijaisha. Baada ya miaka miwili akafa Andragoras naye, akamuachia mama maagizo amalizie. Epikteta akamalizia, akaweka sanamu, halafu akaunda chama cha ndugu wa kiume wa ukoo na kukipa drakma 3,000.

Lakini hakuwapa mkononi! Fedha ile aliifungamanisha na mashamba yake, kila mwaka yanalipa drakma 210, yani asilimia 7, hiyo ndo ya kukutania. Siku tatu mfululizo mara moja kwa mwaka. Siku ya kwanza sadaka kwa Muza, ya pili kwa Phoenix na yeye Epikteta mwenyewe kama mashujaa waliotukuka, ya tatu kwa vijana wake wawili. Ukuhani ukaenda kwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, jina lake Andragoras vile vile. Na chama nacho kikajiwekea sheria ndefu ikiwemo kwamba mvinyo uwe wa kutoka nje na wa kueleweka, na kwamba ni marufuku mtu yeyote kupendekeza chama kivunjwe.

Yule mama hakumuamini mtu. Kafunga kila tundu.

Kibarua Msomi

Sasa mkuu huoni umejipiga mwenyewe? Epikteta ameunda chama, ameweka mtaji, ameweka kuhani wa damu yake, na wanachama wanamwabudu YEYE siku ya pili. Duka la heshima liko wapi hapo? Mwenye duka ni Epikteta, wanachama ni wafanyakazi wanaolipwa kwa nyama na mvinyo.

Ngoja niongeze moto. Athens, karne ya 2 BK, chama cha Iobakchoi, watu wa Dionisio, mungu wa mvinyo anayeitwa pia Bakko. Nguzo yenye sheria zao ilichimbuliwa na Wajerumani mwaka 1894 magharibi ya Akropoli, na nasema hivi, kama hujawahi kuisoma tafuta tafsiri leo leo. Kuingia ni denari 50 (sarafu ya fedha ya Kirumi), kama baba yako ni mwanachama unalipa nusu. Mchango wa mvinyo kila mwezi, kikao tarehe 9 ya mwezi. Hakuna kuimba ovyo, kupiga kelele wala makofi. Ukitaka kuhutubia bila ruhusa ya kuhani au makamu wake faini. Ukipigana faini na unasimamishwa, na aliyepigwa akienda kushtaki mahakama ya mji badala ya kuja kwa kuhani NAYE anapigwa faini. Kuna ofisa wa utulivu, akiweka fimbo ya Dionisio karibu yako maana yake toka nje, na ukigoma kuna mabaunsa kabisa, wanaitwa farasi. Ukifa unapata shada lisilozidi denari 5 na waliokuja kwenye maziko wanapata mtungi mmoja wa mvinyo. Ambaye hakuja hapati tone.

Sasa mwanzo wa jiwe. Kuhani wao Aurelius Nikomachos ametumika miaka 17 kama makamu na 23 kama kuhani. Miaka 40 jumla! Anang'atuka akiwa bado hai, kwa heshima ya chama, ampishe Claudius Herodes, ambaye wataalam wanamtambua kuwa ndiye Herodes Attikos, tajiri mkubwa wa Athens wakati ule. Nikomachos anakuwa makamu tena. Na katibu ameandika hadi kelele za ukumbini, watu wanashangilia aishi kuhani Herodes, sasa tumebarikiwa, sasa sisi ndo wa kwanza kuliko vyama vyote vya Bakko. Mwenyekiti anauliza anayekubali sheria hizi zichongwe ainue mkono, wote wakainua.

Mzee wa miaka 40 amerudishwa makamu sababu kaja mwenye hela. Niambie nani anamtumia nani.

Hakimu Mstaafu

Hicho kifungu cha faini kwa anayekwenda mahakamani kimenifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Kila chama duniani kinataka kuwa mahakama.

Mawe Yasemayo

@Kibarua Msomi hapo umenipa kazi, ila soma tena zile kelele. Hakuna anayepiga kelele Herodes atatujengea. Wanashangilia kwamba wao sasa ni wa kwanza kuliko vyama vingine. Maana yake kuna ushindani wa vyama mjini na wao wamesajili mchezaji. Nikomachos ndiye aliyekubali kupisha, na makamu ndiye anafanya kazi ya kila siku maana mtu kama Herodes hana muda wa kukaa na ninyi kila tarehe 9. Mi naona walijua wanachofanya.

Halafu tusimpambe Herodes nae. Ukumbi wake wa muziki aliojenga kumkumbuka mkewe Regilla uko pale chini ya Akropoli mpaka leo na matamasha yamekuwa yakifanyika humo, na uwanja wa michezo aliujenga kwa marumaru, ndo ule waliokuja kuukarabati kwa Olimpiki ya 1896. Lakini Philostratos, mwandishi wa zama za Kirumi, anasimulia kwamba baba yake Herodes aliacha wosia kila raia wa Athens apewe mina moja (drakma 100) kila mwaka. Herodes akapatana nao awalipe mina 5 kwa mkupuo mmoja yaishe. Siku ya malipo watu wamepanga foleni, makarani wakafungua vitabu vya madeni ambayo baba zao na babu zao walikuwa wanadaiwa na ukoo wa Herodes. Wakakata humo humo. Wengine waliambulia hela kidogo, wengine sifuri, na wengine walishikwa hapo hapo wakionekana bado wanadaiwa. Waathene wakasema uwanja wake umepewa jina sahihi kuitwa wa Waathene wote maana umejengwa kwa hela walizonyang'anywa Waathene wote.

wa_Nyali

WAMESHIKWA KWENYE FOLENI YA KUPOKEA 😭😭😭 huyu ni mfadhili au ni app ya mkopo

Kobe Mwendo

Bado sijaelewa kwanini wageni kama wale wa Beirut walihangaika kujenga vyao, si wangesali kwenye hekalu lolote tu

Mawe Yasemayo

Miungu yao, taratibu zao, na pia ni mahali pa kukutania ugenini. Delos ilikuwa na utaratibu wake, ila kwa Athens mgeni hakuruhusiwa kumiliki ardhi mpaka mji umpe kibali. Mwaka 333/2 KK wafanyabiashara wa Kition ya Kupro waliomba wanunue kiwanja wajenge hekalu la Afrodita. Aliyesimama kuwapigania ni Lykourgos, mwanasiasa mkubwa kabisa aliyeshika fedha za mji wakati ule, na wakapewa, azimio likitaja kwamba Wamisri nao walishajenga la Isis. Kwahiyo kabla ya mwenye hela ulihitaji kwanza mwenye sauti. Huyo nae ni mfadhili ingawa hakutoa drakma.

mamaTausi

Na maskini kabisa je, mtumwa, yeye alikuwa anaangalia tu wenye mashada?

Kibarua Msomi

Dada hii namuachia mleta uzi lakini nadhani jibu lake litaniumiza.

Mawe Yasemayo

Litakuumiza kweli 😄

Laurion, kule kwenye machimbo ya fedha ya Attika, wakati wa utawala wa Kirumi. Mtumwa kutoka Lykia huko Asia Ndogo, jina lake Xanthos, mali ya Gaius Orbius, anasema Men, mungu wa mwezi, amemchagua, akamwekea mahali patakatifu. Hana Minatius wala Herodes. Akachonga sheria zake kwenye jiwe: ukija uwe umejitakasa kutokana na kitunguu saumu, nguruwe na mwanamke, mwenye mikono ya damu asikaribie. Wanaotaka kuunda chama cha kuchangishana hapo ruksa, karibuni, ila sehemu ya mungu itoke, mguu wa kulia wa mnyama, ngozi, mafuta, mvinyo na maandazi ya sadaka.

Halafu anachomekea: hakuna kutoa sadaka bila mwanzilishi kuwepo, na anayelazimisha, sadaka yake haipokelewi na mungu. Mwanzilishi akifa au akiugua au akisafiri, hakuna mwenye mamlaka pale isipokuwa yule atakayekabidhiwa na yeye.

Yani mtumwa, mtu ambaye kisheria hata mwili wake sio wake, amejiwekea kwenye jiwe nafasi ambayo Minatius kailipia 7,000.

Kibarua Msomi

Sawa, kwa Xanthos nakubali. Kwa Hermaios bado sijakubali, kesho nakuja na yule mpiga zumari Kraton wa Kalkedoni aliyewaachia chama chake drakma 10,500 pamoja na nyumba na watumwa, tuone utasemaje.

Mawe Yasemayo

Njoo naye. Nitakuuliza kwanza nani alichagua jina la kile chama, Attalistai, la kumsifu mfalme Attalos wa Pergamon, mji wa Asia Ndogo.